Aliyebeba Godoro

4 Machi

Doto,

Naandika kwa sababu simu yako imezimwa tangu uanze maonyesho, na pia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatujawahi kumaliza sentensi hata moja.

Ijumaa nilikuwepo. Hukuniona. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikiwa na maua niliyotaka kukushtukiza nayo baadaye. Nilikuja na watu watatu wa kazini, akiwemo mkuu wa idara yetu, yule mzee wa miwani yenye kamba ambaye ofisini hajawahi kuonekana meno. Wiki nzima nilikuwa nimejigamba: pacha wangu anacheza peke yake jukwaani, anasimulia maisha yake, njooni mumwone.

Na ulicheza, sikatai. Ulivyomwigiza Baba akizunguka nyumba nzima kutafuta funguo alizozishika mkononi, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu ukaleta godoro.

Ukajitwika, ukazunguka nalo, ukasema ulikuwa darasa la nne, shule ya bweni, ukakojoa kitandani, na matroni akakutembeza na godoro bichi mbele ya shule nzima ikiwa mstarini. Angalau hukutaja kwamba matroni mwenyewe alikuwa Mama Mdogo wetu. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akawa anafuta macho. Mimi maua yaliniponyoka yakaanguka chini, maana mtoto yule ni mimi.

Ni mimi, Doto. Si wewe.

Unajua nilisema nini mwaka jana, siku nilipokabidhiwa maabara? Labda hujui, hukuja. Nilisimama mbele ya madaktari na wanafunzi nikawaeleza kwa nini nimechagua kutafiti kumbukumbu za watu. Nikasema: kwa sababu nilipokuwa na miaka tisa nilibebeshwa godoro, na tangu siku hiyo nimetaka kujua kwa nini mengine yanafutika na hilo halifutiki. Walisimama kunipigia makofi. Ndiyo hadithi ninayojulikana nayo pale. Wanafunzi wapya wanasimuliwa kabla hawajaonyeshwa choo kiko wapi.

Sasa fikiria. Taa zinawashwa, mkuu wa idara ananigeukia na kusema taratibu, "Kumbe ni hadithi ya ukoo." Akavaa koti lake. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Maua niliyaacha chini ya kiti.

Sikulaumu. Jambo hili lina maelezo, tena ndiyo kazi yangu: wako mapacha wengi wanaochukua kumbukumbu ya mwenzao na kuapa ni yao, bila hila yoyote. Nimewahoji. Uliniona siku ile, ukaumia kwa ajili yangu, ukakua na maumivu hayo mpaka yakawa yako. Nakuelewa kabisa. Lakini naomba uitoe sehemu hiyo kabla ya maonyesho ya mwezi ujao.

Dada yako,
Kurwa


11 Machi

Kurwa wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya sanduku la mavazi, na fundi wa taa akaniuliza nani amefariki.

Kwanza, ungekuja nyuma ya jukwaa hata kama umenuna. Maua ya watu yanaachwaje chini ya kiti?

Pili, wewe umelala vizuri kweli? Yule ni mimi! Nakumbuka maji yakinitiririka shingoni hadi kwenye uti wa mgongo. Nakumbuka nyuzi za godoro zilivyokuwa zikinichoma masikio. Nakumbuka wimbo waliouimba, nami siwezi kuuandika hapa kwa sababu mtu wa posta anaweza kufungua. Wewe ulikuwa mstarini na wenzako. Na baada ya hapo nani aliyeitwa Kisima mpaka tunaondoka shule ile? "Kisima, umejaa leo?" Hata wewe uliniita hivyo, mpaka siku nilipokumwagia ndoo. Wangekuita wewe Kisima si ungekumbuka?

Haya maelezo yako ya kitaalamu yamenifurahisha. Hebu niulize: katika hao mapacha uliowahoji, na wewe ulijihoji?

Sehemu hiyo siwezi kuitoa. Onyesho zima limesimama juu ya godoro. Ukiniondolea hilo nabaki na Baba na funguo zake. Kila ninachokijua kuhusu kusimama mbele ya watu nilianza kukijifunza pale, nikizunguka uwanja ule. Kazi yangu yote ni kuzunguka tena uwanja ule, safari hii nikiwa nimetaka mwenyewe.

Kama huamini, tumwulize Mama Mdogo. Yeye ndiye alikuwa matroni. Mimi siogopi.

Nakupenda, hata ukichanganyikiwa.

Doto


26 Machi

Kurwa,

Leo meneja wa ukumbi ameniita ofisini. Mezani kwake kulikuwa na barua yako. Karatasi ya hospitali yenu, muhuri juu, sahihi chini. "Nikiwa mtafiti wa kumbukumbu, nathibitisha kwamba tukio hilo si la msanii." Unathibitisha! Ameisoma kwa sauti, mhasibu wake akiwepo, na yule mama anayefagia akiwa mlangoni na ndoo yake. Kisha akaniuliza, "Dada, sasa haya maisha ni ya nani?"

Mimi, ambaye kazi yangu ni kusema, nimechukua mkoba wangu nikatoka.

Onyesho limesimamishwa. Bango langu la mlangoni limebandikwa karatasi nyeupe usoni. Na gazeti limeshaandika: msanii adaiwa kuiba utoto wa pacha wake. Dereva anayetubebea vifaa, mtu tuliyezunguka naye miaka, ameniuliza kwa utani kama jina langu ni langu. Alikuwa anatania, lakini alisubiri jibu.

Ungekuja kunipiga makofi ningekuelewa. Tungepigana, tungelia, tungekula. Hukuja. Mimi ukaniandikia barua ya dada, wao ukawaandikia barua ya daktari.

Usiniandikie tena.

Doto


29 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumaini magoti yanakupa nafuu, na zile dawa nilizokutumia unazimeza, huzipangi dirishani.

Nakuandikia kwa shida kidogo. Mimi na Doto tumekosana kuhusu lile tukio la godoro kule shuleni. Doto analiigiza jukwaani kama lake, nami nililazimika kuwaandikia wenye ukumbi. Sikutegemea litafika kwenye magazeti. Hilo limeniuma, sikufichi. Lakini ukweli ni ukweli, na watu wa kazini kwangu wananitazama kama mtu aliyejivika nguo za mwenzake.

Naomba uniandikie mistari michache tu ya kuthibitisha kwamba aliyebebeshwa godoro ni mimi. Huna haja ya kueleza kwa nini ulinifanyia vile. Najua adhabu za wakati ule zilikuwa hivyo, na sina kinyongo. Nilikusamehe zamani.

Mwanao,
Kurwa


14 Aprili

Wanangu Kurwa na Doto,

Marahaba. Barua hii nimeiandika mara mbili kwa mkono wangu, kila mmoja apate yake, msije mkagombania na hii. Mkono wenyewe unatetemeka, someni polepole.

Kurwa, unasema umenisamehe. Ngoja usikie kwanza, ndipo usamehe.

Asubuhi ile nilipita bwenini kukagua vitanda kama kawaida. Kitanda kilicholowa kilikuwa cha Kurwa. Shuka lilikuwa na jina lake kwa uzi mwekundu, nililishona mimi mwenyewe. Kurwa ulikuwa umesimama kando yake, meno yanagongana kama mtu mwenye homa. Nikauliza, "Nani amelowesha hapa?" Ilikuwa lazima niulize, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu.

Kabla hujafungua mdomo, Doto akashuka kitandani kwake, akaja mbele yangu akasema, "Ni mimi, matroni. Nilisikia baridi nikaja kulala kwake."

Gauni lake la kulalia lilikuwa kavu kabisa. Na nilijua huyo ni Doto. Wengine mlikuwa mnawachanganya, lakini mimi nawajua kwa visogo, cha Doto kimechongoka tangu siku aliyozaliwa. Nilijua anadanganya, naye alijua kwamba najua. Tulitazamana.

Mwalimu mkuu yule, tangu mfike pale, alikuwa akinivizia aone kama nitawapendelea watoto wa dada yangu. Adhabu ilikuwa amri yake, lakini mikono iliyomtwika mtoto ni hii hii inayoandika. Nilijiambia: Kurwa hataweza, Kurwa atafia pale pale uwanjani, huyu ana moyo mgumu, huyu ataweza. Hivyo ndivyo nilivyojitetea, na nimeendelea kujitetea hivyo mpaka nimezeeka. Nilipokwisha kumtwika nikaingia ndani. Sikutazama.

Kwa hiyo nasema waziwazi: aliyekojoa ni Kurwa, aliyebeba ni Doto. Kurwa ulikuwa mstarini. Marehemu mama yenu sikumwambia. Amekufa akidhani ulikuwa utundu wa Doto.

Kama huo ukumbi unataka shahidi, ngazi siwezi kupanda, lakini waambieni walete gari nami nitakuja.

Mama yenu mdogo


22 Aprili

Doto,

Ulisema nisikuandikie. Hii unaweza kuichana, lakini lazima niitume.

Niliposoma barua ya Mama Mdogo nilisema, amezeeka, anachanganya mambo. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, kama ninayetoa mhadhara kwa masufuria. Nikaanza hata kutunga aya nzuri kuhusu kumbukumbu za wazee.

Halafu nikakumbuka sketi.

Sketi yangu ya shule ilikuwa kavu, nimeivaa juu ya chupi mbichi, kwa kuwa hakukuwa na muda wa kubadili. Nilisimama nimebana mapaja. Nilisimama mstarini, Doto. Mtu aliyebeba godoro hasimami mstarini. Miaka yote hii nimekuwa navyo vyote viwili kichwani, godoro na mstari, na mimi ninayewauliza wagonjwa maswali ya namna hiyo kila siku sikujiuliza hata mara moja ilikuwaje nikasimama pale nikijitazama ninavyopita.

Nilicheka. Nilicheka kuliko wote, ili mtu asipate wazo la kuniangalia miguuni. Na lile jina la Kisima, sina hakika, lakini naogopa kwamba ni mimi niliyelisema kwanza.

Nadhani nimeelewa nilichofanya. Kujikumbuka kama mtoto aliyeonewa kunavumilika. Kujikumbuka kama mtoto aliyecheka hakuvumiliki. Basi nikahama mstarini, nikaingia chini ya godoro lako, nikakaa humo mpaka nikazoea. Nimepigiwa makofi nikiwa humo. Nimepewa maabara nikiwa humo. Na ulipotokea kusema "hapa ni pangu," nikakuitia watu kama mwizi.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja wako. Niliomba mhasibu na yule mama anayefagia waitwe, kwa kuwa uliniambia walikuwepo wakati barua yangu inasomwa. Nikawaeleza yote, na lile la chupi pia. Meneja alikuwa anachezea kalamu, hakujua atazame wapi. Yule mama akaniuliza, "Sasa huyo mwenzio anaombwaje radhi?" Nikasema sijui. Akasema, "Mh," akaondoka na ndoo yake.

Gazeti nimeliandikia, wameahidi kuchapisha. Wanafunzi pia nimewaambia, katika ukumbi uleule. Mkuu wa idara alivua miwani akaifuta, akaifuta, mpaka nikamaliza. Mwanafunzi mmoja akauliza kama kisa hiki tutakiingiza kwenye utafiti. Nikasema ndiyo, bila kutaja jina. Kisha nikasema hapana, kwa jina langu.

Kuna sentensi moja inanirudia kila nikitulia. "Nilikusamehe zamani." Nilimwandikia hivyo Mama Mdogo, tena kwa mwandiko mzuri.

Siombi unijibu.

Kurwa


12 Mei

Kurwa,

Meneja amenitumia gari na bango jipya lenye picha yangu na neno SHUJAA kwa herufi za kijani. Gari nimepanda, bango nimemrudishia. Kila mtu ananipongeza. Mama Mdogo ananipigia simu analia, ananiita mwanamke wa chuma. Mimi nasikiliza kama ninayesimuliwa habari za jirani.

Nikuambie kitu ambacho hukijui, na ambacho hakimo kwenye onyesho. Mpaka leo chini ya shuka langu natandika nailoni. Nikisafiri naikunja naiweka chini kabisa ya begi. Sijawahi kulala kwa mtu, hata kwako. Si umekuwa ukilalamika kwamba najiona? Na yule mhandisi niliyemwacha, ambaye wote mlisema nimerogwa kumwacha. Nilimwacha kwa sababu alitaka tuoane, nami sikujua nitamwelezaje ile nailoni.

Na sijawahi kulowesha kitanda, Kurwa. Hata mara moja. Nimemwuliza Mama Mdogo, anasema hata nilipokuwa mchanga nilikuwa nalia kwanza. Nilisema uongo mmoja asubuhi moja, shule nzima ikanijibu kwamba ni kweli, na mimi nikawaamini. Uongo wenyewe nimeusahau. Nimebaki na aibu tu, na haikuwa yangu.

Sikuambii ili ulie. Ukilia unaharibu karatasi. Nataka ujue kilichofuata baada ya wewe kucheka, kwa sababu wewe hukukiona.

Kama nimekusamehe sijui. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe, nikifika kwenye mswaki nimeghairi. 

Sasa nina shida ya kazi. Narudi jukwaani mwezi ujao. Mtoto aliyekojoa namjua, nimemfanyia mazoezi maisha yangu yote: mabega yanashuka, kidevu kinaingia kifuani, magoti yanagusana. Huyu mwingine, aliyeshuka kitandani mkavu akasema "ni mimi," simjui. Nimesimama mbele ya kioo siku nzima simpati. Sijui alibebaje lile godoro. Mimi nilikuwa chini yake. Mama Mdogo aliingia ndani, hakutazama. Aliyetazama ni wewe.

Niandikie alivyotembea. Usinipambe. Na safari hii usiandike kama dada wala kama daktari. Andika kama mtu aliyekuwa mstarini.

Doto


20 Mei

Doto,

Ninachokumbuka nitakiandika. Ninachokisia nitakuambia kwamba nakisia.

Ulitokea upande wa jiko la shule. Godoro lilikuwa kubwa kuliko wewe, limeinama mbele na nyuma, linadondosha matone. Ulilishika kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa umeshikilia sketi kiunoni, kwa sababu kifungo chake kilikuwa kimekatika. Hukulia. Hukuharakisha. Midomo yako ilikuwa inacheza. Nakisia ulikuwa unaimba kitu chako mwenyewe ili usisikie chao.

Mabega hayakushuka, Doto. Hapo umekuwa ukikosea jukwaani. Ulitembea kama mtoto aliyetumwa mzigo mzito na mama yake na anataka tu kuufikisha. Kidevu kilikuwa juu, lakini si kwa kiburi. Kilikuwa juu kwa sababu ya uzito, shingo ikijikaza.

Wimbo ulianzia kwa wale wakubwa, ukashuka mstari baada ya mstari mpaka ukafika kwetu. Ulipofika mbele ya darasa letu ulisimama. Ukainua ukingo wa godoro kwa vidole, ukaanza kutafuta, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka ukaniona. Nilijua sasa utasema. Nilikuwa nimeacha meno yote nje.

Ulinitazama. Kisha ukamtazama msichana aliyesimama kando yangu. Alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa anakuangalia wewe, ananiangalia mimi, anakuangalia tena wewe, uso uleule mmoja, na macho yake yalikuwa yameanza kushuka kwenye sketi yangu.

Ukalivuta godoro chini, taratibu, mpaka likakufunika uso wote. Ukaondoka hivyo, unapapasa njia kwa miguu.

Hapo sikisii.

Ulinipita karibu kiasi kwamba tone moja lilinidondokea mkononi. Nami nikaendelea kucheka.

Kurwa